Mahasimu wa kilindini: Filamu ambayo wazamiaji wa Mji wa Kale wangeielewa bila kutafsiriwa

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI mpenzi, ukiifuata Ndia Kuu kutoka Fort Jesus alasiri ya Jumamosi, ukayapita maduka ya vinyago na nyumba zenye roshani za mbao, kisha ukakata kuelekea Leven House, utafika mahali ambapo ngazi zinateremka hadi majini. Mbele yako ni Bandari ya Kale, na ng'ambo ni English Point. Maji yakiwa yamejaa, aghalabu hutakosa kundi la vijana waliovua mashati, wakitaniana na kubishana. Ubishi wao ni ule ule wa watoto wa pwani kote: nani atakaa chini muda mrefu zaidi, na nani ataibuka na gao la mchanga mkononi kuthibitisha kwamba alifika.

Huenda wewe mwenyewe ulishindana hivyo utotoni. Huenda mwanao anashindana sasa hivi huku ukidhani yuko tuisheni. Iwe iwavyo, iko filamu moja ambayo inawahusu nyote wawili, ingawa ndani yake hakuna Mmombasa hata mmoja na wala haikupigwa karibu na huku.

Filamu hiyo yaitwa Le Grand Bleu, nayo ilitoka mwaka 1988. Nje ya Ufaransa wengi waliijua kwa jina The Big Blue. Mwelekezaji wake ni Luc Besson, Mfaransa ambaye wazazi wake walikuwa wakufunzi wa kuzamia na ambaye yeye mwenyewe alikusudia maisha yake yote yawe ya baharini, hadi ajali ya uzamiaji akiwa na umri wa miaka 17 ilipomfungia mlango huo. Alichokikosa majini akakitafuta kwenye kamera. Ilipofungua tamasha la Cannes mwaka huo, wahakiki waliidhihaki. Watazamaji hawakuwajali: zaidi ya watu milioni 9 walilipa viingilio huko Ufaransa, na matineja waliirudia mara tatu, mara nne, kama vile vijana wa Mombasa walivyorudia filamu za Kihindi enzi za Regal na Naaz.

Sarafu chini ya maji

Kisa chenyewe chaanzia katika kisiwa cha Ugiriki mwaka 1965, kwa picha zisizo na rangi. Kuna watoto wawili. Jacques ni mpole, mkimya, mtoto wa kuzungumza na samaki kuliko watu. Enzo ni bwana mkubwa wa mtaa, mnene wa sauti, mwenye wapambe. Sarafu inameremeta chini ya maji. Jacques ndiye anayeiona, lakini Enzo ndiye anayeichukua. Uhasama umezaliwa hapo, na urafiki pia, maana ni watoto hao wawili tu kisiwani wanaoweza kufika pale.

Miaka inapita. Enzo, anayeigizwa na Jean Reno, sasa ni bingwa wa dunia wa kuzamia kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa. Ana kigari kidogo ambacho mwili wake haukienei na ana mama ambaye anamwogopa kuliko papa. (Wale waliolelewa na mama wa Kiswahili watacheka hadi machozi watakapomwona jitu zima limejificha lisikamatwe likila tambi za hotelini badala ya za nyumbani.) Ubingwa wake haumtoshi. Anajua kwamba yuko mtu mmoja duniani ambaye hajamshinda, na mpaka amshinde, taji lake ni bati tu. Basi anamtafuta Jacques, anayeigizwa na Jean-Marc Barr, na kumwalika kwenye mashindano huko Taormina, Sicily.

Johana, mwanamke wa kutoka New York anayeigizwa na Rosanna Arquette, anampenda Jacques na kumfuata. Anachokuja kugundua ni kwamba mwenzake hayuko na mwanamke mwingine bali yuko na bahari, na kwa mke hilo ni gumu zaidi. Wake wa mabaharia wa Kibokoni na Mkanyageni hawahitaji kuelezwa.

Sitakueleza kila kitu, lakini lazima nikwambie hili, kwa sababu ndilo linaloifanya filamu kuwa zaidi ya mandhari mazuri. Rafiki mmoja anamshinda mwenzake. Mwenzake anazamia tena, kina cha kupita kina. Madaktari wamekataza. Anazama hata hivyo, anarudi akiwa hoi, na anakufa mikononi mwa rafiki yake akimwomba amrudishe chini, kwa sababu huko ndiko kuzuri.

Hapo ndipo mimi na filamu hii tunapoachana njia. Besson anakifanya kifo hicho kipendeze. Muziki wa Eric Serra unapanda, buluu inatanda, na kijana aliyekaa kitini anaanza kuamini kwamba kufia majini ni usingizi mtamu. La hasha! Muulize mzazi yeyote wa pwani ambaye mwili wa mwanawe uliletwa ufuoni umefunikwa leso.

Watu wenyewe

Wahusika hao wawili hawakutungwa tu. Jacques Mayol alikuwepo kweli, na jina lake limetumiwa vile lilivyo. Yeye mwenyewe alishiriki kuandika hadithi ya filamu. Enzo alichongwa kutokana na Mwitaliano Enzo Maiorca, mwenyeji wa Syracuse, Sicily.

Tofauti na filamu, hawakukua pamoja. Mayol alizaliwa Shanghai, Uchina, mwaka 1927, na utotoni aliwaona wanawake wa Kijapani waitwao ama, ambao huzamia kutafuta chaza na mwani kwa pumzi zao tu. Akiwa mtu mzima alifanya kazi kwenye bwawa la maonyesho huko Miami, na humo akafanya urafiki na pomboo jike aliyeitwa Clown. Mayol alishikilia maisha yake yote kwamba pomboo huyo ndiye mwalimu wake. Maiorca, aliyezaliwa 1931, alikuwa mtu wa namna nyingine: mwindaji wa samaki, mwenye hasira za karibu, na mpenda nchi yake.

Mwaka 1961 Maiorca alifika mita 50, kina ambacho baadhi ya wataalamu walikuwa wamesema kifua cha binadamu kingepondeka. Hakikupondeka. Mwaka 1966 Mayol akafika mita 60, na Maiorca akajibu mwaka huo huo. Ikawa hivyo kwa miaka: huyu akiweka rekodi huko Bahamas au Japani, yule anaivunja huko Italia. Mwaka 1974, mbele ya kamera za televisheni ya taifa zilizokuwa zikirusha matangazo ya moja kwa moja, Maiorca alikuwa akiteremka huko Sorrento alipogongana na mpigambizi mwenye mitungi aliyekuwa njiani. Aliibuka akiwa amefura, na matusi aliyoyamwaga yakaingia sebuleni kwa kila Mwitaliano. Televisheni ikamfungia milango kwa muda mrefu.

Tarehe 23 Novemba 1976, karibu na kisiwa cha Elba, Mayol akawa binadamu wa kwanza kufika mita 100 kwa pumzi moja. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 56, alifika 105. Maiorca naye hakukubali kuzeeka kimya. Mwaka 1988, ule ule wa filamu, alifika mita 101.

Kwa rekodi hizo walitumia chuma kizito kilichowateremsha kwenye kamba, na kurudi juu wakasaidiwa. Hata hivyo pumzi ilikuwa ile ile moja waliyoivuta juu.

Ninalolipenda zaidi kuhusu Maiorca halimo kabisa kwenye filamu. Siku moja alimchoma chewa mkubwa kwa mkuki, samaki akajibana ndani ya pango la mwamba. Maiorca alipoingiza mkono ili amvute, alihisi kitu kikidunda chini ya kiganja chake. Ulikuwa moyo wa yule chewa, ukienda mbio kwa hofu. Tangu siku hiyo aliacha kuwinda, na baadaye akaacha kula nyama na samaki kabisa. Binti zake wawili, Patrizia na Rossana, walikuwa wazamiaji wenye rekodi zao.

Mapafu kama ngumi

Wanafunzi watauliza: inawezekanaje? Kila unaposhuka mita 10, uzito wa maji juu yako huongezeka kwa kiasi cha uzito wa hewa yote ya dunia iliyo juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kwenye mita 10 hewa ya mapafuni hubanwa ikawa nusu. Kwenye mita 100 inabaki moja ya kumi na moja. Mtu aliyejaza lita 6 juu, huko chini amebaki na nusu lita na ushee.

Madaktari wa zamani walifikiri mbavu zingevunjika. Hawakujua kwamba mwili una hila zake. Damu huondoka mikononi na miguuni na kukimbilia kifuani, ikajaza nafasi iliyoachwa na hewa. Bandama hujikamua na kumwaga chembe nyekundu za akiba. Moyo hupunguza mwendo. Wa Mayol ulipimwa ukipiga chini ya mara 30 kwa dakika. Pomboo na sili wana hila hizo hizo, na hata mtoto wa Makadara akiloweka uso kwenye beseni la maji baridi, moyo wake hupungua mwendo kidogo.

Lakini hila hizo zina mtego wake, na hapa ningependa mzazi na kijana wasome pamoja. Kile kinachokufanya utamani kuvuta pumzi unapokuwa chini si uhaba wa oksijeni. Ni mrundiko wa kaboni dioksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa. Kijana akihema haraka haraka mara 20 au 30 kabla ya kuzama, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanajaza akiba, haongezi oksijeni ya maana. Anachofanya ni kuifukuza kaboni dioksaidi, yaani kuizima kengele ya hatari. Anashuka akiwa na raha tele. Hasikii kiu ya hewa. Anapoanza kupanda, uzito wa maji unapungua, mapafu yanatanuka tena, na oksijeni kidogo iliyobaki inapoteza nguvu ya kuingia kwenye damu. Katika mita chache za mwisho, wakati anauona mwanga wa jua na miguu ya wenzake, anazimika kama taa. Hapigi kelele, wala hatapitapi. Ndiyo maana wenzake walio ukutani huendelea kuhesabu na kumshangilia: "Leo kavunja rekodi!"

Dawa yake ni mwenzako. Wanaozamia kwa kufuata kanuni hawazamii wawili kwa wakati mmoja. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu akimtazama, na akiibuka anaendelea kumtazama kwa nusu dakika nzima, kwa sababu wapo wanaozimika baada ya kutoa kichwa. Wanapumzika juu angalau mara mbili ya muda waliokaa chini. Hawahemi kama mbwa. Na mtu akizimika, haraka huinuliwa mdomo na pua vikawa juu ya maji, miwani ikavuliwa, akapulizwa usoni na kuitwa jina. Asipovuta pumzi mwenyewe, anapewa pumzi kwa mdomo huku akipelekwa nchi kavu. Ni kusema kwamba mshindani wako ndiye mlinzi wako. Kama humwamini akuangalie, usishindane naye.

Wale walioshikiwa kamba

Jambo hilo babu zetu walilijua kabla ya Sicily na Cannes, tena kwa uchungu. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi, wakiwemo waliotolewa pwani hii ya Waswahili, walipelekwa Ghuba kama watumwa, na wanaume wengi miongoni mwao walitiwa kazi ya kuzamia lulu: Kuwait, Bahrain, Qatar na pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu. Mpigambizi alibana pua kwa kibanio, akaweka mguu kwenye jiwe zito lililofungwa kamba, akateremka na kikapu kuzoa chaza. Juu chomboni alisimama mwenzake, aliyeitwa saib, ameshika kamba nyingine. Kazi yake ilikuwa moja: kusubiri mtikiso. Kamba ikitikisika, avute kwa nguvu zake zote. Mzamiaji alirudia hivyo mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, msimu mzima wa kiangazi, na mara nyingi alimaliza msimu akiwa bado anadaiwa na nahodha.

Kazi hiyo ilianguka baada ya Wajapani kugundua namna ya kufuga lulu na baada ya uchumi wa dunia kuporomoka mwaka 1929. Majahazi ya Ghuba yaliendelea kuja na kaskazi hapa Bandari ya Kale kwa miaka mingi baadaye, yakileta tende na mazulia na kuondoka na boriti.

Kuna filamu ya hao pia, nayo ningeipendekeza hata kabla ya ile ya Kifaransa. Ni Bas ya Bahar ya Khalid Al Siddiq, iliyotoka Kuwait mwaka 1972 na kuhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo. Kijana maskini anampenda binti wa tajiri. Baba yake alikuwa mzamiaji, bahari ikamfanya kilema, naye hataki mwanawe aifuate njia hiyo. Kijana anakwenda hata hivyo, kutafuta mahari. Mkono wake unabanwa na chaza huko chini. Lulu inapatikana, tena kubwa; mama anapoletewa anaitupa baharini. Hapa hakuna muziki wa kukubembeleza. Enzo na Jacques wanashuka kwa ajili ya sifa. Huyu anashuka kwa sababu hana kitu. Ukizitazama filamu hizi mbili wiki moja, utaona jinsi ya kwanza ilivyo ya watu walioshiba.

(Neno lenyewe "mzamiaji" nalo lina masihara yake. Mtaani, aliyezamia ni yule aliyejificha melini akaenda Ulaya bila karatasi, au aliyeingia kwenye harusi bila mwaliko. Yote matatu yahitaji pumzi ndefu.)

Maji yetu wenyewe

Maji yanayokizunguka kisiwa cha Mvita si bwawa la hoteli. Upande wa Mji wa Kale mkondo wa Tudor huvuta kwa nguvu maji yanapokupwa, na mara nyingi maji ni ya tope. Humo humo, karibu na ukuta wa Fort Jesus, ndimo ilimozama Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyokuja kuokoa ngome wakati wa mazingiwa ya Waomani na kwenda chini Oktoba 1697. Wapigambizi wa mitungi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, wakati mwingine wakifanya kazi kwa kupapasa zaidi ya kuona. Vitu walivyovitoa vimo kwenye makumbusho ya Fort Jesus, na mtoto akivitazama ataelewa jinsi chini ya bandari yetu palivyo.

Upande wa pili jina lenyewe latosha: Kilindini, mahali pa kilindi. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lenye mama na binti yake mdogo liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni. Taifa zima lilisimama ufuoni. Wanamaji, wapigambizi wa bandari na wale wa kujitegemea walishuka siku baada ya siku katika mkondo na giza, hadi gari lilipopatikana na kutolewa tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Kina hicho, ambacho Mayol alikipita kwa pumzi moja mwaka 1966 katika maji meupe ya Bahamas, hapa kilihitaji siku 13, mashine na watu kutoka nchi za nje. Anayesimama kwenye ukuta wa Mama Ngina akiwazia kujirusha ili wenzake wamwone, ajue anajirusha juu ya mlango wa maji hayo hayo.

Basi ukiitafuta Le Grand Bleu, angalia ni toleo gani unalopata. Lile refu ni la saa 2 na dakika 48. Lile walilokatiwa Wamarekani ni fupi, muziki wake umebadilishwa, na mwisho umelainishwa ili usiwaume. Tafuta refu. Zipo sehemu chache za kitandani. Mzazi atangulie kutazama kabla ya kuwaita wadogo.

Waitaliano wenyewe waliisubiri mno. Maiorca alikasirishwa na yule Enzo wa filamu, aliyeonekana kwake kama kikaragosi cha watu wa kusini, akaenda mahakamani, na filamu isionyeshwe nchini mwake kwa miaka 14. Mayol alijiua nyumbani kwake Elba tarehe 22 Desemba 2001, akiwa mzee wa miaka 74 aliyekuwa akiugua sonona. Mwaka uliofuata, 2002, filamu ikaonyeshwa hatimaye kwenye kumbi za Italia. Maiorca aliishi miaka 14 zaidi, akifa Novemba 2016 mjini kwake Syracuse, kando ya maji yale yale aliyoacha kuwindia.